Bendera ya Ndolo

Nthenya alikuwa amewasamehe adui zake wote kama Biblia isemavyo, isipokuwa mmoja, na huyo alikufa kabla hajamfikia. Kanisani, kijijini Kabati, aliimba kuwashinda wote. Lakini mtu akitaja jina la Ndolo, Ukristo ulimtoka kama maji kwenye kikapu.

Tusimlaumu kabla ya kusikia. Mumewe, Mwangangi, alikwenda vita vya Burma pamoja na huyo Ndolo, jirani yao, na walirudi pamoja wamevaa makoti mazito yasiyofaa jua la Kitui. Kisha ikaja hali ya hatari. Mwangangi alikuwa kibarua wa reli Nairobi, na Ndolo akamchongea kwa Wazungu kwamba amekula kiapo cha Mau Mau. Mwangangi akakamatwa, akafia kambini. Na askari wa kambi aliyeshika sepetu ya kumzikia alikuwa nani? Ndolo huyo huyo.

Ndolo aliporudi Kabati amenenepa, Nthenya alimwendea akapiga magoti. Hakuomba haki, hakuomba fidia. Aliomba aonyeshwe tu mahali mumewe alipolala, akamlilie. Ndolo alikuwa akichokonoa meno kwa kijiti. Akasema wafu walikuwa wengi, hakumbuki. Alikumbuka, mshenzi yule, na kijiji kizima kilijua anakumbuka.

Haukupita mwaka, tumbo likamuua Ndolo. Alizikwa shambani kwake, likapangwa rundo la mawe juu yake. Mkewe, Mbinya, akahamia Makueni na mtoto mgongoni, shamba akaliuza. Nthenya aliuza mbuzi wake wote akalinunua. Watu walidhani anataka udongo.

Basi mwaka wa themanini na tatu, nchi ilipokuwa inatimiza miaka ishirini ya uhuru, chifu alitangaza barazani kwamba siku ya Jamhuri kila kaburi la askari wa Burma litachomekwa bendera ya taifa, na mkuu wa tarafa, D.O. mwenyewe, atakuja kupiga saluti. Nthenya akasimama.

"Na Mwangangi je?"

Chifu alikuwa mtu mpole. "Mama, bila kaburi hiyo bendera nitaiweka wapi?"

Watu walicheka kidogo, si kwa ubaya. Lakini Nthenya usiku ule hakula.

Wiki iliyofuata pikapu ilitoka Emali ikasimama kwake. Akashuka kijana wa suti, mwenye malori mawili na hamu ya siasa.

"Wakya, mwaitu," akasalimu kwa Kikamba, kwa adabu ya mtoto kwa mama.

"Aa. Wewe wa nani?"

"Mimi ni Kisilu wa Ndolo. Nimekuja unionyeshe baba. Nilitoka hapa nikiwa mdogo sana, lakini mama aliniambia kaburi iko kwa hii shamba, ina mawe juu."

Mawe ya Ndolo hayakuwapo. Mvua za kwanza baada ya kununua shamba aliyatoa kwa mikono yake, moja moja, akayatupa korongoni. Akafunga maksai nira, akamlima Ndolo kutoka kichwani hadi miguuni. Baadaye akina mama wa mwethya, kikundi cha kusaidiana kazi, walikuja kumsaidia kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko, wakapiga jembe juu ya Ndolo huku wanaimba. Mbaazi za pale Nthenya hakuzila hata siku moja. Aliziuza sokoni.

Lakini kulikuwa na rundo lingine la mawe, kule chini karibu na mkonge. Maksai wake mmoja aliwahi kufa kwa kimeta, na afisa wa mifugo akaamuru azikwe shimo refu, juu yapangwe mawe fisi wasimfukue. Nthenya alilitazama rundo lile. Mkono wake ukanyooka kabla akili haijatoa ruhusa.

"Baba yako yule pale," akasema.

Siku ya Jamhuri maksai alipata heshima ambayo watu wengi wa Kabati hawataipata. Mawe yalipakwa chokaa. Bendera ilipepea, nyeusi, nyekundu na kijani. D.O. alikakamaa na kofia yake, akapiga saluti, na tarumbeta ikalia. Kisilu alitoa hotuba juu ya baba shujaa, katikati machozi yakamshinda. Nthenya alikuwa mstari wa mbele, mabega yanamtetemeka kwa kicheko. Mama mmoja wa kwaya akamhurumia, akampa leso afute machozi. Aliipokea akajifunika uso. Alisikia utamu ambao hata asali ya Kitui haina. Lia, mtoto wa Ndolo, alisema moyoni. Lia, mlilie ng'ombe.

Wageni walipokwenda kula wali kwa chifu, Kisilu alibaki peke yake kaburini. Hapo ndipo Nthenya angenyamaza, na ushindi ungekuwa wake milele. Lakini kisasi kisichojulikana na aliyelipizwa ni kama chakula bila chumvi. Akamsogelea.

"Umelia vizuri. Hapo chini amelala maksai wangu, alikufa na kimeta."

Kisilu alimtazama kama asiyesikia Kiswahili. "Unasema nini, mwaitu?"

"Maksai. Baba yako nilimlima zamani. Nenda unishtaki. D.O. atafurahi sana kujua amepigia nani saluti."

Alingoja matusi, hata kofi. Kijana akaketi tu juu ya mawe yaliyopakwa chokaa, suti yake ikachafuka.

"Mama yangu alikufa mwezi wa nane," akasema. "Alinipatia neno nikuletee. Baba alimwambia pahali alizika mume wako. Pahali kabisa, mpaka mti. Nilikuwa nangoja watu waishe nikwambie."

Nthenya alishika mlingoti wa bendera.

"Niambie," akasema. "Niambie, mwanangu."

Kisilu akainua macho, na sasa yalikuwa makavu. Adabu yote ilikuwa imemtoka.

"Nionyeshe baba yangu kwanza."

Nthenya alikimbia. Mwanamke wa miaka sitini na kitu, na gauni la kanisani, alikimbia hadi kwenye mbaazi akasimama tuta la tatu. Ni hapa. Hapana, tuta la pili, kulikuwa na mti mkubwa wa miiba, lakini mti huo aliukata kuni. Akasogea kushoto. Akarudi. Miaka yote hiyo alijua anamkanyaga Ndolo, na hakuwahi kujali anamkanyagia wapi. Matuta yalikuwa yamehamisha udongo wote, na mawe yalikuwa yamekwenda na mafuriko ya korongo.

"Ni hapa," akasema, akimwonyesha kwa kidole Kisilu aliyemfuata. "Naapa mbele ya Mungu."

"Saa hii umesema ni pale."

"Basi ni kati ya hapa na pale. Kisilu, mwanangu, nihurumie, mimi ni mjane."

"Na mimi ni yatima. Umenidanganya mara moja, mama, mbele ya watu wote. Mara ya pili sitaki." Alijipangusa chokaa suruali. Hakupaza sauti, na hapo Nthenya aliona wazi kuwa huyu ni damu ya Ndolo kweli. "Chimba. Siku utapata mifupa, nitumie mtu Emali. Nitakuja, na nitakwambia mzee Mwangangi ako wapi. Kama si hivyo, nitakufa na hiyo siri."

Pikapu ikawaka, ikaondoka na vumbi lake. Kutoka kwa chifu zilisikika nyimbo za Jamhuri, na mtu alikuwa akimwita Nthenya aje ale kabla wali haujaisha. Yeye alivua viatu vya kanisani, akashika jembe, akaanza kumtafuta Ndolo.