Jaribu Kabla ya Kuondoka

Mashine ilinyamaza katikati ya utosi wa bwana harusi. Upande wa kulia nywele zilikuwa zimekatwa zikakatika. Upande wa kushoto kulikuwa na kichaka. Kinyozi aliipiga kiganjani, akaiwasha, akaizima, akaiwasha tena. Kimya.

"Dada, mbona umeacha?" aliuliza bwana harusi, mdogo wake wa tumbo moja.

"Tulia. Inapumzika."

Wapi! Ilikuwa imekufa, ingawa ilikuwa imekesha kwenye chaji. Ile ya zamani, ya waya, aliiuza ili anunue hii ya betri, maana umeme wa mtaa ule hukatika unapojisikia. Boksi liliandikwa kwa herufi kubwa: YA VINYOZI WA KAZI. DHAMANA MWAKA MZIMA. Na mwaka ulikuwa haujafika hata nusu.

"Vaa kofia, twende dukani."

"Kofia sina."

"Basi twende hivyo hivyo."

Njiani bwana harusi alishika kichwa kama mwenye jino bovu. Watu walipocheka, naye akacheka, mwishowe akaachia mkono na kuanza kuwapungia. Alikuwa anaoa alasiri hiyo, bwana, na furaha yake ilikuwa haimtoshi mwilini.

Dukani, muuzaji mmoja mpole alifungua mfuniko wa mashine, akachungulia.

"Ina mafuta ndani," alisema.

"Si boksi limesema nitie mafuta kila siku?"

"Ni kweli. Lakini yakionekana ndani, dhamana imekwisha."

"Na nisingetia?"

"Meno yangekwama, na meno hayamo kwenye dhamana. Betri nayo haimo."

"Sasa dhamana ni ya nini, kaka yangu?"

Muuzaji aligeuza boksi, akasoma kwa bidii. "Ya plastiki ya nje," alisema, kisha akashusha sauti. "Dada, si mimi. Wakubwa ndio wamepanga. Iache, tuipeleke makao makuu. Watakujibu."

"Lini?"

Muuzaji akaichukua mashine, akaisogeza pembeni ya kaunta.

Kinyozi alipandwa na hasira. Bila mashine hana kazi, na jikoni kwake chungu hubandikwa jioni kwa vichwa vilivyonyolewa asubuhi. Alitaka kulia, alitaka kupiga kaunta. Ndipo alipoona kibao ukutani: JARIBU BIDHAA KABLA YA KUONDOKA. IKISHAUZWA HAIRUDI. Pembeni, mama mmoja alikuwa anawashiwa pasi, anaigusa kwa kidole kilicholowa mate.

"Basi nionyeshe nyingine," kinyozi alisema, kwa upole uliomtia wasiwasi hata mdogo wake. "Nijaribu."

Muuzaji akaitoa mpya, akaiwasha. Ikanguruma.

"Kunguruma hata ile ilinguruma. Mimi najaribu kwenye nywele."

Kabla muuzaji hajapata la kusema, bwana harusi alikuwa ameshakalia kreti, shingo ameinamisha. Kichaka kikaanza kuanguka sakafuni. Wateja wakasogea. Mama wa pasi akawa msimamizi: "Hapo nyuma ya sikio, mwanangu! Bi harusi ataona!" Muuzaji mwenyewe, bila kujijua, alichukua kioo cha kuuzwa akamshikia bwana harusi. Duka zima lilikuwa linacheka, na kinyozi alisikia raha mkononi, ile raha ya kazi inayokwenda.

Alipomaliza, alipuliza meno, akafuta mashine kwa kanga yake na kuirudisha kwenye boksi.

"Haijanikaa mkononi," alisema.

"Dada!"

"Kwani kujaribu ndiyo kununua?"

Mama wa pasi alicheka mpaka akashika kaunta. Bwana harusi alimkumbatia muuzaji na kumwalika harusini, na muuzaji, akishindwa kununa, akaenda kutafuta ufagio.

Mashine iliyokufa ilibaki kwenye kaunta, ikisubiri safari ya makao makuu. Mlangoni kinyozi akageuka.

"Kesho mnafungua mapema?"

"Mapema tu. Kwani vipi?"

"Nitakuja na wateja wangu tujaribu nyingine. Tutakuwa tunajaribu kila siku, kaka, mpaka makao makuu wajibu."