Aliyemvika Fotini Taji

Dada yangu Evanthia alimkuta mumewe jikoni kwa Marigo siku ya Alhamisi alasiri. Zisis alikuwa amekaa na fulana, anakula tikiti maji, na Marigo anampigia shati lake pasi. Angewakuta kitandani, dada aliniambia baadaye, pengine angepata sauti ya kupiga mayowe. Lakini shati! Marigo alikuwa anaijua kola ile, anajua wapi pa kukandamiza na wapi pa kupita haraka. Zisis naye, kwa kubabaika, akasema, "Evanthia, kaa basi, usisimame." Akamkaribisha kama mwenye nyumba anavyomkaribisha mgeni.

Tulikuwa Yarraville, magharibi ya Melbourne, mwaka wa sabini na nne, na watu tuliohamia kutoka kisiwa chetu cha Lemnos tumejaa mtaa mzima. Zisis na dada walikuwa na duka la samaki na chipsi, na sote tuliishi nyuma ya duka: wao wawili, binti yao Fotini, mama yake Zisis, yaani Bibi Stamata, na mimi niliyekuwa nafanya kazi kiwanda cha biskuti. Marigo alikuwa mjane, fundi cherehani wa mtaa wa pili, na tena mama wa ubatizo wa Fotini. Yeye ndiye aliyempokea mtoto kutoka kwenye maji, akampaka mafuta na kumpa jina. Kwetu sisi huyo ni ndugu wa damu na zaidi. Jumapili ile Fotini alikuwa anaolewa, na Marigo ndiye angesimama nyuma ya maharusi, azipishanishe taji vichwani mwao mara tatu mbele ya kasisi. Gauni la harusi pia alishona yeye. Evanthia alikuwa amelifuata gauni hilo, akaingia kwa mlango wa nyuma bila kubisha hodi, kama walivyozoeana miaka yote.

Alilichukua gauni, akarudi nyumbani nalo mkononi kwenye jua la Februari. Alitukuta mimi na Bibi Stamata mezani tunafunga lozi za sukari za wageni kwenye vitambaa vya neti. Akatundika gauni, akanawa mikono, akakaa, akaanza kufunga pamoja nasi. Kisha akasema, "Mama, mwanao ana mwanamke."

Bibi hakuinua kichwa. "Nani?"

"Marigo."

Lozi zilimwagika sakafuni. "Mama wa Mungu! Melbourne nzima imejaa wanawake, yeye kaenda kumchukua aliyembatizia mtoto! Punda huyu kweli nilimzaa mimi?"

"Akija tu tumtoe," nikasema. "Leo leo!"

"We Aristea, funga mdomo, funga lozi." Bibi akamgeukia dada, akamshika kidevu kama mtoto. "Nisikilize. Wakwe zako hawa wapya ni watu wa kujisikia. Wakipata harufu ya jambo hili, Jumapili hatutakuwa na harusi, tutakuwa na matanga. Meza. Meza mpaka Jumapili. Jumatatu niko upande wako."

"Ni mwanao, mama."

"Najua ni mwanangu. Nilikuwepo alipozaliwa."

Zisis alirudi jioni kufungua duka. Alimwita dada kwa sauti ya chini, "Evanthia, nataka nikwambie..." naye akamjibu, "Mafuta yanaungua." Wakasimama bega kwa bega wanakaanga, wanafunga samaki kwenye karatasi, wanawachekea wateja. Fotini aliingia mara mbili kuiba chipsi, akamtania baba yake kwamba amekuwa kimya kama vile yeye ndiye bibi harusi. Zisis akacheka. Nilimchukia kwa kicheko kile.

Dada alijitahidi kumeza, lakini taji zilimkaba. Kwamba mkono ule uliokandamiza shati la mumewe ndio umbariki binti yake, hilo halikupita kooni. Jumamosi asubuhi akaniambia nimsindikize. Safari hii alibisha hodi.

Marigo alikuwa amevimba macho. Taji zilikuwa juu ya cherehani, nyeupe, zimeunganishwa kwa utepe.

"Nipe," dada akasema. "Utasema unaumwa. Aristea atasimama mahali pako."

"Hapana."

"Huna haya, Marigo?"

"Haya ninayo. Ninayo mpaka siwezi kula. Nitukane, nipige, nitasimama nipigwe. Zisis mchukue, ni wako, sikatai. Lakini Fotini nilimshika mimi akiwa mtupu ana miezi mitano, nikamkataa shetani kwa niaba yake. Alipougua surua tulikesha wote wawili, wewe upande huu wa kitanda, mimi upande ule. Huwezi kuniambia leo kwamba yule si wangu. Na yeye atauliza niko wapi. Utamjibu nini?"

Nilimngoja dada ajibu. Nilikuwa na matusi tayari, nangoja tu aanze nimsaidie. Lakini dada alizitazama taji zile, kisha akageuka akatoka. Kwenye lango la kwetu ndipo aliponiambia, "Ubaya ni kwamba anampenda kweli mtoto wangu."

Basi Jumapili Marigo alisimama pale. Kanisa limejaa, joto kali, wanaume wanajifuta jasho, na Fotini anang'aa ndani ya gauni lile. Mikono ya Marigo ilipopishanisha taji ilitetemeka hata utepe ukachezacheza, na watu wakanong'ona kwamba maskini, uchungu wa mama wa ubatizo. Zisis alitazama viatu vyake ibada nzima.

Baada ya hapo watu hupanga foleni kuzibusu taji na kuwapongeza maharusi, wazazi na aliyewavika. Dada alimbusu mkwe wake mpya, akambusu Fotini, akafika kwa Marigo. Jumuiya nzima inatazama. Akambusu shavu la kulia, akambusu la kushoto, na nikiwa nyuma yake nilimsikia akisema polepole, "Kesho atakuja na sanduku lake. Mpokee."

Maharusi waliondoka na gari moshi la usiku kwenda Adelaide kwa fungate. Jumatatu asubuhi Bibi Stamata alilitoa sanduku la mwanawe mwenyewe, akakunja suruali, akakunja soksi, akaliburuta mpaka barazani.

"Mama, unanifukuza mimi?" Zisis akasema.

"Nakusindikiza. Ningekufukuza ningetumia fagio."

Zisis alikwenda kwa Marigo. Jirani wa ng'ambo alisikia yote na kabla ya adhuhuri sote tulikuwa tumesikia. Marigo hakufungua mlango. Alisema kupitia dirisha, "Rudi kwako, Zisis. Nilichokuwa nacho nilikiiba, na mwizi haletewi mzigo mlangoni." Zisis akabaki amesimama njiani na sanduku, watu wanafungua mapazia. Mwishowe akapanga chumba Footscray, mtaa wa jirani tu.

Mnadhani watu walimsema Zisis? Walimsema dada. Mwanamke mwenye akili humeza, walisema. Amevunja nyumba, amemtia mkwe aibu. Kasisi alikuja akanywa kahawa akahubiri juu ya msamaha. Bibi Stamata akamuuliza kama na Zisis amehubiriwa, au Footscray ni mbali. Zisis naye alikuja kumchukua mama yake, kwa kuwa mtoto wa kiume hamwachi mama kwa mwanamke aliyemtoa nyumbani. Bibi alikataa kuinuka kwenye kiti. Alitaka kukaa na mkwe wake, basi.

Lililomuumiza dada halikutoka kwa hao. Fotini alirudi kutoka fungate, akasikia. Akaingia dukani mchana, wateja wamejaa.

"Ulijua? Alipokuwa ananivika taji, ulijua?"

"Nilijua, mwanangu."

"Na ukaniacha nimbusu mkono! Kila mtu alikuwa anajua isipokuwa mimi. Mmenifanya mwanasesere."

"Nilitaka upate siku yako."

"Siku yangu ipi, mama? Kwenye ile picha ya harusi ukutani kwangu nyote mnadanganya!"

Akatoka. Hakumtembelea Marigo tena, wala hakutukanyagia mlango. Alionana na baba yake tu, na dada alilijua hilo. Marigo alihamia Geelong, akashona huko.

Majira ya baridi ya mwaka uliofuata Bibi Stamata alipooza upande mmoja. Dada alifunga duka kila alasiri amwogeshe na kumgeuza, na hakutaka msaada wangu isipokuwa kubeba maji. Siku moja niliporudi kutoka kiwandani nilimkuta Fotini chumbani kwa bibi yake, tumbo limeshakuwa kubwa, ameshika bakuli la supu. Dada alikuwa ameinua kichwa cha bibi, Fotini anamlisha. Hawakuwa wanasemeshana. Nilipowasalimu, Fotini akaitikia, dada akaitikia, kila mmoja kivyake.

"Supu haina limau," Bibi akasema kwa ulimi wake mzito.

Wote wawili wakanyanyuka kwenda kuleta.