Tundu la Mraba

Jumatatu saa mbili na robo asubuhi, karani wa ofisi ya usajili aliipangusa kibodi yake, akawasha kompyuta na kufungua mipangilio. Maelekezo alikuwa ameyanakili kwa mkono kwenye karatasi. Alichagua kitufe cha Alt cha kulia, ambacho hakijawahi kumsaidia mtu, akakipa kazi ya kuunganisha alama na herufi. Kuanzia hapo, ukikibonyeza, kisha ukabonyeza kiwimbi, ile alama ya ~, kisha herufi, kiwimbi kinakwenda kukaa juu ya herufi yake. Ndivyo Linux, mfumo unaoendesha kompyuta hiyo, inavyotaka, na haichukui dakika tano. Kwa miaka kumi na miwili hakuna aliyejisumbua kukipanga.

Watu wa bondeni huandika majina yao kwa kiwimbi. Kompyuta zilipoletwa ofisini, herufi hiyo ilitokea kama mraba mtupu, na karani akachapa vitambulisho na vyeti vya kuzaliwa hivyo hivyo. Wenyewe walivichukua, wakatia sahihi, wakaenda zao. Wiki iliyofuata kila mmoja wao alikuwa na tundu la mraba kifuani, ukubwa wa kiberiti, lililotokeza mgongoni. Halikutoa damu. Zahanati iliwagawia pamba. Shuleni, wanafunzi wa nyuma walisoma ubao kupitia matundu ya wenzao wa mbele, na mwalimu akaacha kuwapanga kwa urefu.

Shida ilikuwa baridi, maana ilipita moja kwa moja. Mama yake karani, mtu wa bondeni, alikuwa akikohoa tangu mwaka jana, na daktari alisema hatavuka msimu huu tundu likiwa wazi. Kitambulisho chake kilichapwa na mwanawe huyo huyo. Hilo lilimkaa karani rohoni, na alijichukia kwalo.

Alilichapa upya jina la mama kabla ya chai. Mchana alimkuta amekaa mlangoni bila shali.

"Leo upepo umenipita pembeni," mama alisema. "Umefanya nini?"

"Nimebonyeza vitufe vitatu, mama."

"Vitatu tu?"

"Vitatu."

Mama akafunga vifungo vya blauzi polepole. "Kumbe miaka yote hiyo ilikuwa vitufe vitatu."

Hadi Alhamisi karani alikuwa amerekebisha majina arobaini na matatu. Ijumaa saa kumi, kompyuta ya makao makuu ilizikagua za matawini kama kawaida yake, ikakuta mpangilio usio na kibali, ikaufuta na kurudisha miraba yote. Mkuu wa ofisi alimwita.

"Mdogo wangu, unataka kuniponza?"

"Ni kitufe kimoja tu, mkuu."

"Najua. Nilikiomba mwaka ule wa kwanza. Wakanijibu watu wa bondeni ni wachache."

"Na sasa?"

"Sasa ni wachache zaidi."

Karani alikipanga tena Jumatatu, na kila Jumatatu iliyofuata. Kwa wiki sita mama alikohoa Jumamosi na Jumapili, siku nyingine akapumua. Wiki ya saba alikuja fundi wa makao makuu na bisibisi, akaking'oa kitufe, akakitia kwenye bahasha na kumwachia karani stakabadhi. Mama alifariki Jumatano ya wiki hiyo. Karani alikuwa peke yake ofisini, hivyo cheti cha kifo alikichapa mwenyewe. Mraba ulikaa mahali pake.

Seremala alikuja jioni hiyo. Alipima urefu na upana, akachukua kipande cha bati chenye mraba katikati, kingo zimechakaa kwa kutumika, akakilaza juu ya mfuniko wa jeneza, akachora kwa penseli na kukata.

"Zamani tulikuwa tunafunika," alisema. "Haikubali. Misumari inatoka yenyewe."

Akapiga msasa pande zote nne ili wabebaji wasichomwe na vibanzi.

Jumatatu saa mbili karani alifungua dirisha. Wa kwanza kwenye foleni alikuwa mwanamke wa bondeni aliyekuja kuchukua cheti cha kuzaliwa, amembeba mtoto wa siku tisa mwenye kifua kizima.

"Anaitwa nani?"

Mwanamke alilitaja jina, lenye kiwimbi. Karani alilichapa, akagonga muhuri, akampitishia karatasi dirishani. Kisha akamwuliza kama mtoto ana shali.