Gunia Kwenye Kiti cha Jelimo

Mwaka huo wa 1987 treni ya Kitale ilikuwa inakuja ilipotaka yenyewe, na wachuuzi wa Matisi walishachoka kuitukana. Walichoogopa ni Leseru, reli mbili zinapokutana, pale waliposhuka kungoja treni ya Malaba. Hiyo ilifika ikiwa imejaa tangu Eldoret, na haikuwa na subira ya kumngoja mtu afunge mzigo.

Kwa hiyo walikuwa na utaratibu wao. Rahab, mwembamba na asiye na haya, ndiye aliyepanda kwa dirisha na leso za wenzake, akazitandika kwenye mabenchi. Leso ikishatandikwa, hapo ni pa mtu, hata kama mwenyewe bado yuko nje anapigana na mlango.

Siku hiyo walikuwa na abiria asiye mchuuzi. Mama Jelimo, mjane wa Saboti, alikuwa anaenda Bungoma kumwona mjukuu wake wa kwanza. Binti yake Jeruto aliolewa huko na mwalimu mmoja, Khaemba. Jelimo aliikataa ndoa hiyo katakata, akaapa hatakanyaga boma lao, na miaka ikapita hawasemezani. Sasa moyo ulikuwa umelainika. Alikuwa ametuma habari kwamba anakuja, na amebeba kibuyu cha mursik, maziwa aliyoyagandisha mwenyewe. Njia nzima alimuuliza Rahab kama mtoto ataogopa uso wake.

Treni ya Malaba ilipofika, Rahab aliruka ndani, akatandika leso, akapokea kibuyu cha Jelimo, kisha magunia yake mwenyewe ya kabichi. Gunia la mwisho likakosa pa kukaa. Wiki iliyopita aliacha moja stesheni likamwozea, na uchungu wake ulikuwa haujaisha. Akalisimamisha juu ya leso ya Jelimo. Nitalitoa akifika, alijiambia.

Jelimo alifika mlangoni akihema. Gadi wa treni alikuwa akiwashusha wasio na nafasi. Jelimo akamwambia anacho kiti, kina leso yake, akakionyesha kwa kidole. Gadi akachungulia, akaona gunia, akauliza ni la nani. Rahab aliinama akajifanya anakaza kamba ambayo ilikuwa imekaza vizuri. Mwanamke mzima, mdomo unaojulikana soko zima, akashindwa kusema ni langu. Alipoinua kichwa treni ilikuwa inaondoka, na Jelimo alikuwa chini kwenye kokoto, anatazama dirisha.

Rahab alikipakata kile kibuyu mpaka Bungoma. Huko akashusha magunia, na leso ya Jelimo akaikunja akaifutika kibindoni.

Jeruto alikuwa amesimama stesheni na mtoto mgongoni, kamvalisha sweta mpya. Alimtazama kila aliyeshuka mpaka wakaisha. Rahab akampa kibuyu, akamwambia treni ilijaa, mama akashindwa kupanda.

"Wewe na magunia yako umepanda, yeye ameshindwa?" Jeruto aliuliza. "Sema tu alikataa kukuja. Rudisha hiyo kibuyu, umwambie nilishazoea."

Rahab aliona aibu. Kwa kujificha, alikuwa anamrudisha mama wa watu kwenye ule ugomvi wa zamani.

"Alikuja," akasema. "Alifika mpaka Leseru. Kiti yake ilikuwako, mimi nikaweka kabichi. Gadi akauliza ni ya nani, nikanyamaza. Nimemuacha hapo kando ya reli."

Jeruto hakumtukana, na afadhali angemtukana. Aliuliza tu kama treni ya kurudi Leseru imeshapita. Ilikuwa haijapita. Imechelewa, kama kawaida.

Walingoja, Jeruto amekalia gunia. Treni ilipotokea, watu wananing'inia milangoni, Rahab aliacha kabichi zake zote palepale, akapanda kwa dirisha, akatandika leso ya Jelimo na kuishikilia kwa mikono miwili. Alisukumwa, akaitwa majina mabaya. Hakuiachia mpaka Jeruto alipofika, akaketi na mtoto.

Nafasi kidogo ilibaki kwenye leso. Jeruto akaweka kibuyu hapo.

Rahab alisimama njia nzima. Treni ya Kitale ndiyo ingemrudisha Jelimo nyumbani kutoka Leseru, amekasirika tena, na safari hii kwa haki. Kwa mara ya kwanza maishani mwake, Rahab aliiombea treni hiyo ichelewe.