Sindano Kabla ya Sahani

"Sijaona sahani," alisema Enid Hargrave, akajifunika tumbo kwa mikono yote miwili kama mtu anayelinda pochi sokoni.

Sista Leanne alikuwa ameshafungua kabati dogo la chuma lililopigiliwa ukutani kando ya kitanda. Alitoa kalamu ya insulini, akasoma jina lililobandikwa ubavuni, akalilinganisha na jina la kwenye utepe wa mkono wa Enid. Alifunga sindano mpya. Alirusha matone hewani kuhakikisha dawa inatoka. Hakuruka hatua hata moja. Kalamu ya Enid ilikuwa na jina, ilikuwa na kofia, ilikuwa na nyumba yake ya chuma yenye kufuli. Enid mwenyewe alikuwa na gauni la hospitali lililo wazi mgongoni.

"Sahani inakuja, kipenzi."

"Inakuja kama alivyokuja marehemu mume wangu. Yule namngoja tangu meli yake ilipotoka bandarini."

Kitanda cha pili kikacheka. Huyo alikuwa Queenie, mguu umening'inizwa kwa kamba na vyuma, nyonga imevunjika, mdomo mzima.

"Mwache, Sista," alisema Queenie. "Huyo hata kanisani hafumbi macho mpaka ajue mkate uko wapi."

Ni kweli Enid alikuwa na sheria yake. Miaka yote aliyosimama kwenye maji ya barafu akichana samaki pale gatini, kabla ya kujichoma aliufungua kwanza mkate wake juu ya sanduku, akautazama, ndipo akapandisha fulana. Sindano inaingoja sahani. Sahani haiingoji sindano. Aproni yake ilikuwa na mifuko miwili, mmoja wa kisu na mmoja wa peremende, na wanawake wenzake walijua akianza kuongea ovyo ni mfuko gani wa kuingiza mkono. Hakuanguka hata siku moja.

Kilichomleta hospitali ni kidole cha mguu. Kilikuwa cheusi, wakakikata. Siku ile ile wakachukua kalamu zake wakazifungia kabatini, kwa usalama. Peremende zake za njano nazo wakazifungia humo humo, kwa usalama pia, na ukutani juu ya kichwa chake wakabandika picha ya donge la sukari limepigwa mstari mwekundu.

"Nisipokuchoma sasa kompyuta inaniandikia nyekundu," Sista Leanne alinong'ona. "Leo nina nyekundu mbili tayari."

"Kuna tatizo?"

Bwana Pritchett, msimamizi wa wodi, alikuwa mlangoni. Viatu vyake havikuwa na sauti. Watu walikuwa wakigundua yupo kwa harufu ya sabuni yake.

"Hakuna tatizo," alisema Enid. "Nangoja chakula."

"Dawa ni saa kumi na moja, Bi Hargrave."

"Na chakula?"

"Chakula ni cha kampuni. Dawa ni zetu, na zetu ziko kwa wakati."

"Basi nipe kalamu yangu niilaze hapa kando ya mto wa kichwa. Chakula kikija nitajichoma. Nimejichoma miaka yote hiyo, na sijakuita hata siku moja uje nyumbani kunishika mkono."

"Kalamu haikai kitandani kwa mgonjwa."

"Na peremende zangu je?"

"Bi Hargrave," alisema Bwana Pritchett taratibu, kama anayemweleza mtoto kwamba moto unaunguza, "wewe una kisukari."

Queenie alicheka mpaka vyuma vya mguu wake vikagongana. Bwana Pritchett hakugeuka.

"Ukikataa, itabidi tuandike kwamba umekataa matibabu. Ijumaa mpasuaji anakuja kuamua kuhusu mguu. Hatupendi asome hapo kwamba mgonjwa hashirikiani."

Enid alitazama ncha ya shuka. Bandeji ilikuwa imeanza kupata doa la rangi ya chai. Alijua msumeno wa mfupa unavyolia. Ule wa samaki wakubwa ulikuwa unalia vilevile. Akaondoa mikono tumboni.

Sista alichoma, akabonyeza, akahesabu kwa sauti mpaka kumi ili dawa yote iingie, akatoa. Sindano ikaenda katika kopo la njano. Kalamu ikarudi kabatini, kufuli ikaalika. Bwana Pritchett alishaondoka.

"Nikilisikia toroli la chakula nitalisukuma mwenyewe," alisema Sista Leanne. Mara chumba cha mwisho wa korido mtu akaanguka kwa kishindo, mwingine akapiga yowe, naye akakimbia.

Zamani jiko lilikuwa chini ya ngazi, na kabichi ilikuwa ikinukia hadi chumba cha maiti. Jiko likafungwa. Sasa chakula kilipikwa mji mwingine, kikagandishwa, kikaja kwa lori, kikapashwa moto na vijana wa kampuni kama vijana wenyewe wapo. Jioni ile alikuwepo kijana mmoja, na oveni moja kati ya mbili.

Kwanza midomo ya Enid ikafa ganzi, ikawa kama ya mtu mwingine. Kisha jasho likatoka, si jasho la joto, jasho baridi lile la samaki anayeyeyuka barafu, na gauni likamnasa mgongoni. Vidole vikaanza kupiga shuka vyenyewe.

"Enid," alisema Queenie. "Umekuwa mweupe kama tumbo la chewa."

"Peremende, Queenie."

Queenie alichokora mkoba wake, akarusha pakiti. "Hizi kaleta binti yangu. Hazina sukari. Eti ninusuru meno, na meno yenyewe yako kwenye glasi."

Enid alitia moja mdomoni, akaitema ukutani.

Queenie alibonyeza kengele. Taa ikawaka juu ya mlango. Akabonyeza tena, taa ikaendelea kuwaka vilevile, maana taa hiyo haina namna ya kuwaka zaidi.

"Sista! Sista, mwenzangu sukari inashuka huku!"

Korido ilijibu kwa magurudumu. Yalikuwa ya kitanda cha yule aliyeanguka, yakapita.

Baada ya hapo Enid hakuwa tena na jina. Alikuwa na kabati. Ndani ya kabati kulikuwa na karatasi za njano, alizisikia zikichakarisha, na kati yake na karatasi hizo kulikuwa na bati. Alishuka kitandani kwa mguu wenye jeraha. Alikamata chuma cha kuning'inizia dripu, na mpira ukachomoka mkononi mwake, damu ikaruka hadi kwenye shuka la Queenie. Akapiga. Ile mikono ilikuwa imeinua masanduku ya samaki tangu alfajiri hadi adhuhuri kwa miaka thelathini, na uzee ulikuwa bado haujaifikia. Bati likabonyea. Akapiga tena. Glasi yenye meno ya Queenie ikapasuka, meno yakateleza sakafuni yakicheka peke yake.

Mhudumu wa usafi aliingia mbio. "Wee mama! Wee!" Alimshika begani kwa nyuma. Enid aligeuka na chuma, kikamkuta mdomoni. Jino likatoka, naye akakaa chini kwenye damu yake mwenyewe, akainua mkono akabonyeza kitufe chekundu kilichokuwa ukutani.

Taa ya kengele ya wauguzi ilikuwa bado inawaka. Hiki kitufe kilijibiwa kabla hajaondoa kidole.

Walinzi walikuja wawili, wamevaa fulana nyeusi nzito. Mmoja alikuwa Craig, shingo kama gogo la kufungia meli. Wa pili alikuwa Dale, mjukuu wa Sheila aliyekuwa akichana samaki meza moja na Enid. Enid alishawahi kumpangusa kamasi huyu.

"Weka chini, bibi," alisema Dale. "Weka chini tuzungumze."

"Sukari imeshuka!" alipiga kelele Queenie. "Mpeni sukari, mabwege nyie! Sukari!"

"Na wewe nyamaza, usije ukapata zamu yako," alisema Craig.

Dale alikuwa anatafuna tofi. Enid hakumwona Dale, hakumwona Craig. Aliisikia harufu ya tofi tu. Ilitoka mdomoni na ilitoka mfukoni, kifuani upande wa kushoto, na yeye akaangusha chuma akaurukia mfuko ule kwa kucha zote kumi.

"Anataka redio! Craig, anataka redio yangu!"

Enid alikuwa ameshaingiza vidole vitatu mfukoni. Karatasi aliigusa. Dale alimpiga mkono ukatoka. Yeye akamng'ata pale pale kwenye kiganja, chini ya kidole gumba, akang'ang'ania kama samaki mkunga, na Dale akalia sauti ambayo bibi yake angeitambua. Craig alimshika Enid nywele. Alimvuta nyuma, akamkunja mkono mgongoni, akaupandisha. Enid alipogoma, aliupandisha zaidi. Kiwiko hakikuvunjika. Kifundo cha mkono ndicho kilichovunjika, kwa mlio mdogo mkavu, kama mtu kakanyaga ganda la kaa.

Wakamlaza kifudifudi. Shavu lake lilikuwa kwenye damu ya mhudumu. Goti la Craig lilikuwa katikati ya mabega, pale gauni lilipokuwa wazi, na kila Enid alipotetemeka goti lilishuka.

"Bado anapigana," alisema Craig.

"Hapigani, anatetemeka!" Queenie alikuwa akirusha kila kilichokuwa karibu naye, mto, gazeti, jagi la maji. Jagi lilimkuta Craig kisogoni. "Mnamuua! Dale, mwana wa mbwa we, nakwenda kumwambia bibi yako!"

Tofi moja ilikuwa imedondoka kutoka mfukoni. Ililala sakafuni karibu na mdomo wa Enid. Alitoa ulimi. Ulimi ulifika kwenye karatasi, ukailowesha. Kisha macho yakageuka yakabaki meupe, na mguu wenye bandeji ukaanza kupiga sakafu wenyewe.

"Sasa katulia," alisema Craig, ingawa mguu ulikuwa bado unapiga.

Sista Leanne aliingia na uso uliojaa jasho la chumba kingine. Alitazama mara moja. Alipiga magoti, akatoboa kidole cha Enid, akasoma mashine, akaisukuma mashine mbele ya uso wa Craig.

"Toka juu yake! Toka! Hii namba ni ya maiti!"

"Sina amri ya..."

"Toka juu ya mgonjwa wangu, ng'ombe wewe!"

Mshipa ulikuwa umeharibika, kwa hiyo akamdunga pajani sindano ya kupandisha sukari, akamgeuza ubavu, akamfuta damu isiyokuwa yake. Mguu ukaacha kupiga. Na hapo, kwenye korido, magurudumu yakalia.

Kijana wa kampuni aliingiza kichwa. Alitazama damu, jino, walinzi, meno ya Queenie. Kazi yake ilikuwa sahani.

"Hargrave? Viazi na nyama ya kusaga?"

Akaiweka juu ya meza ya kitanda kilichokuwa kitupu, akafunua kifuniko, akaenda zake. Mvuke haukutoka.

Kesho yake fundi alileta kabati jipya kabla ya uji. Lilikuwa la bati nene zaidi, na kufuli mbili. Aliyahamisha yaliyokuwemo, kalamu na peremende, akapuliza vumbi, akaondoka akipiga mluzi. Kwenye chuma cha miguuni mwa kitanda walitundika kibao chekundu chenye picha ya ngumi.

Bwana Pritchett alisimama mbali kidogo kuliko jana.

"Mhudumu amepoteza jino, Bi Hargrave. Mlinzi ameshonwa mkono. Hapa ukatili hatuuvumilii, hilo limeandikwa kila mlango."

Mkono wa kulia wa Enid ulikuwa ndani ya plasta hadi kiwikoni. Ndio uliokuwa wa kisu, na ndio uliokuwa wa kalamu. Shavu moja lilikuwa limevimba mpaka jicho limeziba.

"Nilisema sijaona sahani," alisema.

"Hilo la chakula tumelipeleka kwa kampuni. Kampuni inalishughulikia."

"Na nikishashughulikiwa mimi kwanza?"

"Kuanzia leo utachomwa mbele ya walinzi wawili. Kwa usalama wako."

"Usalama wangu una uzito gani?" aliuliza Queenie kwa ufizi mtupu kutoka kitanda cha pili. "Maana wa mwenzangu jana ulikaa mgongoni, nikaona kama kilo mia."

Bwana Pritchett alitoka. Sista Leanne alibaki akinyoosha shuka lililokuwa limenyooka. Jana alikuwa amepiga kelele. Leo asubuhi alikuwa ameitwa ofisini, na aliporudi alikuwa na sauti ya mtu anayesoma maelekezo.

Saa kumi na moja walikuja wote watatu. Craig alisimama kushoto, Dale kulia, mkono wake umefungwa bandeji nyeupe safi kuliko ya mguu wa Enid.

"Tulia tu, bibi," alisema Dale. Hakumtazama. Shavu lake lilikuwa na uvimbe mdogo uliotembea. Alikuwa na tofi mdomoni.

"Bibi yako hajambo?" Enid aliuliza.

"Hajambo."

"Mwambie Enid anauliza kama toroli limepita kwao."

Sista Leanne alifungua kufuli ya kwanza, akafungua ya pili. Alisoma jina kwenye kalamu. Alisoma jina kwenye utepe. Sindano mpya. Matone hewani. Hakukosea kitu.

"Sijaona sahani," alisema Enid. Alijaribu kujifunika tumbo. Plasta haikukunjika, na mkono wa pili Craig alikuwa ameshaushika.

"Najua, kipenzi," alisema Sista Leanne, kwa chini sana. Akachoma.

"Moja," alihesabu. "Mbili. Tatu."

Queenie alikuwa ameinua kichwa kutoka kwenye mto, shingo imekaza, sikio limeelekea korido. Enid naye alisikiliza. Walisikia saa ya ukutani. Walisikia bomba la maji. Walisikia Dale akimung'unya.

"Nane. Tisa."

Hakukuwa na gurudumu.

"Kumi," alisema Sista, akachomoa, akairudisha kalamu kabatini, juu ya peremende, akafunga kufuli zote mbili.