Kigimbi cha Nusu Saa

Siku ile mjinga alikuwa Nusu Saa, na hata mwenyewe habishi. Jina alibandikwa na wateja, maana ukimpelekea saa mbovu hukwambia, "Pitia baada ya nusu saa," nawe ukapitia hadi soli ikaisha.

Mchana huo kitabu cha biolojia cha mpwa wake kilikuwa juu ya meza ya kibanda, katikati ya saa zilizopasuliwa matumbo. Binti alikuwa na mtihani kesho yake. Mjomba anauliza, mpwa anajibu. Na huku akiuliza, mkono wake mmoja unakanda kigimbi cha mguu wa kushoto. Kilikuwa kimevimba tangu juzi, naye aliamini dawa yake ni kukikanda mpaka kishike adabu.

"Chembe sahani, kazi yake?"

"Kugandisha damu, jeraha lisivuje."

"Ateri?"

"Inatoa damu moyoni. Ukuta wake mnene."

"Kama shingo ya baba yako. Vena?"

"Inairudisha damu moyoni. Ina vali, isiteremke tena. Misuli ya mguu ndiyo inayoisukuma ipande." Macho ya binti yalikuwa kwenye kigimbi. "Mtu akikaa kutwa bila kutembea, damu inadorora. Inaweza kuganda humo humo."

"Endelea, maksi hizo."

"Bonge likibanduka linapanda mpaka moyoni, moyo unalisukuma mapafuni, linaziba huko." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Mjomba, acha kukanda."

"Daktari gani huyu, hata kidato cha tatu hajamaliza?" Mjomba akakohoa.

Binti hakucheka. Aliinama, akagusa mguu mmoja, kisha wa pili. Wa kulia ulikuwa wa kawaida. Wa kushoto ulikuwa moto kama pasi.

"Hicho kikohozi kimeanza lini?"

"Vumbi tu hilo." Nusu Saa akajaribu kucheka. Pumzi ikamkatikia njiani, kitu kikamchoma ubavuni. Ukutani saa zilikuwa zikigonga, kila moja na wakati wake, na kwa mara ya kwanza maishani hakupenda kuzisikia. Mkono ukajiondokea wenyewe mguuni.

Binti alikwishapiga simu kuita teksi.

"Haya, hospitali tutakwenda," mjomba akasema, akiivuta saa ya mwalimu mkuu iliyokuwa bado wazi mezani. "Nifunike hii kwanza. Nusu saa tu."

"Nusu saa zako wanazivumilia wateja, mjomba. Bonge la damu si mteja wako."