Jefferson Upande wa Kushoto

Wifi yangu Corinne hakuwa mtu wa kusahihishwa. Alizaliwa maili chache tu kutoka Mlima Rushmore, na kanisa letu lilipompa kazi ya kusimamia tela letu kwenye gwaride la Sikukuu ya Uhuru, alitangaza hapohapo kwamba tutatengeneza vichwa vya wale marais wanne, vilevile kama vilivyochongwa kwenye mwamba wa mlima huo.

Tulivitengenezea kwenye gereji yetu, kwa waya wa banda la kuku, magazeti ya zamani na uji wa unga. Washington alitoka vizuri. Lincoln naye, ukishampa ndevu, hakuna atakayekuuliza ni nani. Shida ikaja kwa waliobaki.

"Mmoja si ni Franklin?" nikasema.

"Franklin hajawahi kuwa rais, Marlys," Corinne akanijibu bila hata kuniangalia.

"Basi Jackson," akadakia mume wangu, Dwight.

"Jefferson na Roosevelt! Hivi nyie mmekulia wapi?"

"Haya, dada, usitule. Tupange basi. Nani kakaa wapi?"

Corinne akaanza kuhesabu kwa vidole, akakosea, akaanza upya. Nikaingiza mkono mfukoni kutafuta simu.

"Weka hiyo simu! Mtu wa hapa akitazama simu ili auone mlima wake, bora ahame."

Dwight akasema mlima wenyewe haujahama, twende tukauangalie. Tukaingia kwenye pikapu, pamoja na jirani yetu Bernadine, Mlakota, wa kabila lililokuwa hapa kabla ya wazungu, mwenye kicheko cha kuamsha mtaa, ambaye alisema yeye anafuata aiskrimu tu.

Tulipofika juu hatukuona kitu. Ukungu ulikuwa umeshuka mzito kama maziwa. Wageni walijipanga ukutani wamevaa makoti ya mvua, wakipiga picha weupe mtupu. Bwana mmoja wa Ohio akasikia tukizozana, akafurahi.

"Ninyi wenyeji? Afadhali! Hebu nionyesheni, Lincoln yuko wapi?"

Tukanyoosha vidole wote watatu kwa mpigo mmoja. Dwight kulia, mimi katikati, Corinne kushoto kabisa. Yule bwana akatutazama, akatazama ukungu, akaondoka taratibu.

Bernadine alikuwa ameinama, anashika mbavu. "Bibi yangu aliuita mlima huu Mababu Sita," akasema alipopata pumzi, "kabla hajaja mtu na baruti."

"Sita?" Dwight akashtuka. "Wanne tu wametutoa jasho!"

Hapo ndipo nilipomsikia Corinne akicheka. Si kile kicheko chake cha puani cha mezani kwa mama mkwe. Hiki kilimtoka tumboni mpaka akanishika bega asianguke. Tangu niolewe hakuwahi kunishika bega.

Ghafla upepo ukasukuma ukungu kidogo. Tukauona uso wa Washington na kola ya koti lake, na kandokando yake upande wa kulia jiwe lililofifia, kisha pazia likafunga.

"Mmeona?" Corinne akasema. "Kulia kwake hakuna mtu. Jefferson yuko kushoto."

"Hukuona vizuri, wifi."

"Nimeona kwa macho yangu."

Na kwa sababu alikuwa amecheka, sikutaka kubishana. Tukarudi, tukamfunga Jefferson kushoto kwa Washington, Roosevelt na Lincoln kulia, tukapaka rangi ya kijivu.

Siku ya gwaride mji mzima ulikuwa barabarani na bendera. Dwight alivuta tela polepole, mimi na Corinne juu yake tukirusha peremende. Watu walishangilia, wakapiga picha, wakatuita kwa majina. Watu walewale wanaoonyesha wageni njia ya mlimani kila kiangazi, na hakuna hata mmoja aliyeona kosa. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshafungua simu usiku ule tuliotoka mlimani na kujua ukweli. Nikazidi kurusha peremende.

Mbele ya duka la vifaa, mzee mmoja akasimama kutoka kwenye kiti chake, akanyoosha fimbo.

"Simamisha gari! Nani kamweka Jefferson hapo?"

Corinne akakaza shingo. "Mimi."

Mzee akasogea hadi kwenye tela. "Marehemu baba alitoboa miamba kule mlimani. Alinisimulia kwamba Jefferson walianza kumchonga upande huohuo, jiwe likawa bovu, wakamlipua na kumhamishia ule mwingine. Nilidhani nimebaki peke yangu ninayekumbuka. Nani kawaambia?"

Corinne hakupepesa jicho. "Tulifanya utafiti, mzee wangu."

Mzee akampa mkono, akautikisa kwa muda mrefu, na Corinne akampa mfuko mzima wa peremende. Tela likasogea. Tulipokata kona ya posta, Corinne akanigeukia, uso mwekundu.

"Kwa hiyo yuko kulia?"

"Yuko kulia."

"Ulijua?"

"Tangu juzi."

"Na ukaniacha nipite mji mzima hivi?"

Lakini alikuwa ameshaketi chini kati ya Roosevelt na Lincoln, kajifunika uso kwa mikono, mabega yanaruka kwa kicheko. Bernadine, aliyekuwa akitembea kando yetu, akapaza sauti, "Corinne! Mwakani tufanye sita!"

"Tufanye," akajibu. "Marlys ndiye atakayepanga."